Ukiunda maktaba kwa LEGO, usiiache ionekane korti

Nguzo ni nzuri lakini nguzo peke yake hazisemi maktaba. Hiyo ndio kitu ya kwanza huwa naambia mtu akiniuliza vile ataunda McMillan, ile maktaba ya zamani ya hapa Nairobi, kwa LEGO, juu karibu kila mtu anakimbilia zile nguzo za mbele, anazipanga smati kabisa, anaweka ngazi, anafunika paa, halafu anaita jirani aone na jirani anauliza, hii ni korti ama ni benki? Na jirani hajakosea. Hapa tao majengo ya enzi za mkoloni yenye nguzo kubwa kubwa ni mengi, na ukiyapunguza mpaka yatoshee mezani yote yanafanana.

McMillan yenyewe iko Banda Street, hapo kando ya msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa 1931, Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka bwanake William Northrup McMillan aliyekufa 1925, na kwa miaka mingi ilikuwa ya wazungu peke yao mpaka jiji likaichukua ndio mwananchi wa kawaida akaweza kuingia kusoma. Mi ndio maana sipendi modeli ya ukuta wa mbele tu. Ule ukuta ndio watu walikuwa wanaangalia wakiwa nje, sasa wewe 2020s hii unarudia tu kuwaonyesha nje? Unda kitu paa linatoka na mtu anachungulia ndani aone vitabu. Hapo hakuna mtu atakuuliza kama ni benki.

Sasa skeli, hapa tukae kidogo kwa sababu ukikosea hapa kila kitu kinaenda mrama. LEGO ina hesabu yake: kinundu (kile kidude cha duara juu ya tofali) hadi kinundu ni milimita 8, tofali lina kimo cha milimita 9.6, na pleti (ile nyembamba) ni 3.2, yaani pleti tatu ni tofali moja. Wengi wanataka vile vidoli vya watu viingie mlangoni, ni sawa, lakini kidoli kina karibu sentimita 4, kwa hivyo tuseme jengo lina upana wa mita 30, modeli itakuwa na upana wa kama sentimita 70 ama zaidi, na hiyo ni pesa mob na meza nzima. Mi napendelea kinundu kimoja kiwe mita moja. Hiyo ni 1:125, yaani modeli ni ndogo mara 125 kuliko jengo lenyewe, jengo la mita 30 linakuwa sentimita 24, linakaa kwa besi ya vinundu 32 kwa 32 bila shida. Mlango wa mita mbili unatoka milimita 16 ambayo ni pleti tano kamili, na hizo pleti tano ni sawasawa na upana wa vinundu viwili, kwa hivyo ukitaka kulaza vipande kwa ubavu vigae (vile vipande vya juu laini bila vinundu) viangalie nje vinaingia bila kuacha nafasi. Ndio sababu hii skeli haichoshi.

Usianze na kuta. Anza na nguzo kwa sababu nguzo ndio hazibadiliki, tofali la duara dogo kabisa lina kinundu kimoja na hakuna nusu yake, kuta unaweza kunyoosha ama kupunguza baadaye hakuna mtu atajua. Panga nguzo, hesabu nafasi kati yao, halafu mlango ufuate. Hapa kuna mtego: nafasi ya katikati ikiwa vinundu vitatu na mlango wako ni viwili, mlango hautawahi kukaa katikati, utakuwa umeenda upande kwa nusu ya kinundu na jicho litaiona tu hata kama huwezi kueleza ni nini kinasumbua. Ama ufanye nafasi iwe mbili, ama mlango uwe tatu, ama utumie kale kapleti ka moja kwa mbili kenye kinundu kimoja katikati, hako kanasogeza kitu nusu. Na juu ya nguzo pitisha pleti ndefu, ndefu kabisa, zishikane zote, nguzo za matofali ya duara zikisimama kila moja kivyake zitakuwa zinacheza cheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Wale simba wawili wa sanamu walio mbele ya maktaba usiwaache. Yaani ukikata kila kitu kingine kata, lakini simba wabaki, mtu wa Nairobi akiona simba wawili na nguzo amejua tayari. Kwa hii skeli simba ni vinundu viwili hivi, pleti kadhaa, kipande kidogo cha mteremko kwa kichwa, basi. Kuwa na sura si lazima. Waweke kwa msingi wao ulio juu kidogo, usiwatupe chini kwa barabara.

Vitabu ndio raha. Pleti moja ikilala ubavu kwa hii skeli inakuwa kitabu cha unene wa sentimita 40, kitabu gani hicho, hata ile Biblia kubwa ya mchungaji haifiki. Usijali. Danganya. Ukitengeneza vitabu vya ukubwa wa ukweli hakuna mtu ataviona, kwa hivyo panga pleti za rangi zimechanganyika, nyekundu ya giza, kijani, hudhurungi, na kwa rafu za mbali tumia vile vigae vyenye mistari kama grili, vya hudhurungi, ukitazama kutoka juu unaona migongo ya vitabu imesimama. Rafu tatu nne zinatosha, acha nafasi ya meza. Meza bila nafasi ya mtu kukaa inafanya ndani ikae stoo.

Kabla ya kununua chochote chora kwa kompyuta. Programu ya Studio ya BrickLink (soko la mtandaoni la vipande vya LEGO) ni ya bure, inakaa kwa Windows na Mac, kwa simu hapana. Uzuri wake ni kwamba inakuonyesha kama kipande kinapatikana kwa rangi uliyochagua, maana kuna vipande havijawahi kutolewa kwa rangi fulani na utajua hujui ukiwa umeshamaliza kuchora. Ukimaliza inakupa orodha ya vipande na hata inakusaidia kutengeneza maelekezo ya kurasa kwa kurasa. Ukiagiza nje jaribu kutafuta muuzaji mmoja mwenye vingi, hata kama bei yake iko juu kidogo, kwa sababu kila muuzaji anakuja na nauli yake ya posta.

Lakini si lazima kila kitu kitoke nje. Zile toy za mitumba za masoko ya Gikomba na Toi huwa na LEGO zimechanganyika na takataka zingine, chambua pole pole, angalia kwa kila kinundu utaona jina limeandikwa, isiyo na jina si yao, na nyingi za hizo hazishiki vizuri. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, yasipite nyuzi 40, na usianike kwa jua kali. Nyeupe za mitumba nyingi zimeshageuka manjano, hizo usitupe, ziingize ndani ya kuta na chini ya sakafu, pale nje weka safi. Ndani ya msingi wangu kuna pinki, kuna zambarau, kuna kipande cha bawa la ndege, nani ataona?

Ya mwisho, picha. Utahitaji picha za mbele, pembeni na kona, na moja ambayo kuna mtu amesimama kando ya nguzo ili ukadirie urefu. Msalimie soja kwanza umwambie unataka kufanya nini, tao ukianza kupiga jengo picha kwa kujificha utaulizwa maswali mpaka jioni. Na kama hujawahi kuunda kitu chako mwenyewe, anza na tawi la maktaba hii la Kaloleni ama Makadara. Ni madogo, Book Bunk, lile shirika linalokarabati maktaba hizi, walianza ukarabati wao na hayo, na huhitaji nguzo hata moja kujua kama umeweza.