Muulize Sista: Saa imeniamsha mara mbili, daktari amecheka

SWALI: Sista, salamu kutoka Umoja. Nina miaka 61, nilikuwa karani wa bohari kule Industrial Area kabla ya kustaafu. Krismasi iliyopita binti yangu aliye Marekani alinitumia saa ya kisasa. Mwezi jana, mara mbili alfajiri, ilinitetemesha mkono na kuandika kwamba mapigo yangu ya moyo hayana mpangilio. Nilienda kliniki moja ya mtaani, wakanipima ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ikatoka safi. Daktari akacheka, akasema nivue hiyo saa kabla haijaniua kwa wasiwasi. Mama watoto naye anataka niiuze. Nimsikilize nani?

JIBU: Kaka, usiiuze. Na ukirudi kwa daktari, usiende mikono mitupu.

ECG ya kliniki hurekodi kama sekunde 10 hivi. Ulilala pale mchana, umekunywa chai, moyo umetulia. Ugonjwa ninaoushuku ni fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kupiga ovyo, ambao wodini tuliuita AF tu, na kwa watu wengi una tabia ya kuja na kuondoka. Kuutafuta kwa sekunde 10 za mchana ni kama askari kupita Gikomba saa sita adhuhuri wakimtafuta mwizi wa usiku, kisha waandike kwenye kitabu kwamba wizi hakuna.

Igeuze saa yako gizani, utaona taa za kijani mgongoni. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila mpigo unapoleta damu kwenye ngozi, mwanga unaorudi hupungua, na saa hupima muda kati ya mpigo mmoja na unaofuata. Ukitikisa mkono hesabu huvurugika, kwa hiyo ukaguzi huu hufanyika umetulia au umelala. Ndiyo sababu alfajiri. Wala haikuamshi kwa mpigo mmoja uliojikwaa: zile za Apple, kwa mfano, hungoja vipimo vitano kati ya sita vya kufuatana vionyeshe fujo ndipo zifungue mdomo.

Lakini mlio wa saa si hukumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia watu zaidi ya 419,000 waliovaa saa hizo, matokeo yakachapishwa 2019. Walioarifiwa kwamba mapigo yao yana kasoro walikuwa kama mmoja kati ya 200. Baadhi yao walibandikwa kifuani kifaa cha kurekodi moyo kwa siku kadhaa, na AF ikaonekana kwa asilimia 34 tu. Hapo ndipo wengi huacha kusoma na kusema saa ni mwongo. Kumbuka kifaa kile kiliwafikia siku nyingi baada ya onyo, na huu ni ugonjwa wa kuja na kuondoka. Pale saa ilipotoa onyo mtu akiwa tayari amebandikwa kifaa, vilikubaliana asilimia 84. Mimi shahidi wa namna hiyo simfukuzi mahakamani.

Nilifanya kazi wodini miaka mingi kabla saa hizi hazijazaliwa, na AF tuliikamata kwa vidole. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima. Moyo wenye afya hutwanga kama mama anayejua kinu chake. AF ni mvua inapoanza kwenye mabati: tone, matone matatu, kimya, tone, mawili. Nilipoigusa mara ya kwanza nilidhani vidole vyangu ndivyo vibovu, nikabadilisha mkono wa mgonjwa, nikarudia. Mfundishe mama watoto. Saa ikilia tena, akushike mkono papo hapo.

Ikiwa saa yako ina ECG (kipengele hicho huruhusiwa nchi kwa nchi, huenda kimefungwa), gusa kitufe chake kwa kidole cha mkono wa pili, tulia sekunde 30, usiongee. Hifadhi mchoro huo. Kisha nenda cyber ukachapishe, pamoja na tarehe na saa ya kila onyo. Daktari anayecheka simu mara nyingi huacha kucheka akiona karatasi. Mwombe Holta, mashine ndogo ya kuvaa saa 24 au zaidi, maana inalala na wewe. Apime pia presha, sukari na tezi ya shingo, na akusikilize vali za moyo. Hapa kwetu homa ya baridi yabisi ya utotoni, iliyoanza na koo ambalo halikutibiwa, imewaharibia vali watu wengi. Mwambie ukweli kuhusu pombe na miraa pia. Sikuulizi mimi, mwambie yeye.

Kwa nini nakusumbua hivi? Kwenye AF vyumba vya juu vya moyo hutetemeka tu badala ya kusukuma, damu hutuama, huganda, bonge likang'oka likapanda ubongoni. Hatari ya kiharusi huwa kama mara tano. Ukithibitishwa unayo, daktari atapima kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na hapo hutaandikiwa kwa kubahatisha. Ile aspirini ndogo ambayo jirani atakushauri haifanyi kazi hiyo, na tumbo linaweza kukutoka damu bure.

SWALI: Mimi ni mama mboga wa Kariobangi, miaka 43. Nilinunua saa Luthuli kwa bob 1,800. Inasoma presha, oksijeni na hata sukari. Presha yangu huwa 118 kwa 76 kila siku. Niendelee na dawa za presha?

JIBU: Endelea, tena leo usiruke. Dada yangu, presha ya binadamu haikai namba moja kila siku. Hata ya jiwe ingecheza kidogo. Nilipewa saa kama hiyo na mjukuu, nikaifunga kwenye ndizi mbivu jikoni. Ndizi ilikuwa na mapigo 72. Niliipima mara tatu nikicheka peke yangu, kisha nikaila.

Kuhusu sukari, idara ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba ilionya Februari 2024 kwamba hakuna saa wala pete iliyowahi kuidhinishwa nayo kupima sukari bila kutoboa ngozi. Na presha? Hata saa za Samsung zinazoipima hutaka kwanza ulinganishe na mashine ya kufunga mkono wa juu, na urudie kila wiki nne. Basi anza na hiyo mashine yenyewe. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee, na chai ya asubuhi ingoje. Andika namba kwenye daftari lako la madeni, ukurasa wa nyuma, uende nalo kliniki.

SWALI: Sista, mimi ni kijana wa Kasarani. Kifua kikiniuma na saa iandike mdundo ni wa kawaida, si nitulie?

JIBU: Usitulie. ECG ya saa huutazama moyo kwa pembe moja, kutoka mkono hadi mkono. Ya hospitali ina pembe 12. Mshipa wa moyo unaweza kuziba huku mdundo umenyooka kama reli. Shemeji yangu alibanwa kifua saa tatu usiku, maumivu yakishuka mkono wa kushoto, jasho likimtoka. Akatazama saa, ikamwambia kawaida. Akanywa maziwa baridi, akalala. Tulimpeleka alfajiri kwa gari la jirani, na sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imeshakufa. Yu hai, tunashukuru. Anakaa orofa ya tatu, na kila akipanda ngazi hupumzika mara mbili, saa ile ile ikiwa mkononi.