Nesi unayeenda kusomea tiba shufaa, anza na mofini

Manesi wenzangu wakiniuliza kozi ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, inafundisha nini, wengi wanategemea niongelee kushika mkono wa mgonjwa na kumfariji. Hayo yapo, sikatai. Ila ukipata nafasi ya kusoma, hata kama ni siku chache tu, ng'ang'ania kwanza somo la maumivu, maana mgonjwa anayeumia hakusikilizi, utamfariji weee na yeye anasubiri tu uondoke alie.

Hofu ya mofini, ile dawa kali ya maumivu, wodini ni kubwa kuliko tunavyokubali. Utasikia "atakuwa teja huyo", "hiyo dawa ni ya kufia", na wanaosema si ndugu peke yao, ni sisi wenyewe wa yunifomu. Mofini ya kunywa ile ya kawaida inafanya kazi kama masaa 4 hivi, ndo maana inaandikwa kila baada ya masaa 4, kwa kuangalia saa. Sasa sisi tuna kaugonjwa ka kusubiri mgonjwa aombe, na wengi hawaombi, hasa wazee, wanaona wanasumbua, unamkuta kakunja uso kashikilia reli ya kitanda kwa nguvu zote afu ukimuuliza anakwambia sijambo sista. Muulize maumivu yako wapi kuanzia 0 (hamna kabisa) mpaka 10 (makali kupita yote), mpe dawa, rudi baada ya kama saa moja muulize tena na uandike kwenye faili. Asiyeweza kuongea, soma uso wake na anavyoguna ukimgeuza. Ile namba ya pili ndo inamfanya daktari abadilishe dozi, ukimwambia tu "bado anaumwa" ataitikia na raundi itaendelea.

Na choo jamani, choo! Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo mara nyingi hupungua vyenyewe, lakini kufunga choo mwili hauzoei hata atumie muda gani. Mofini ikiandikwa bila dawa ya kulainisha choo muulize daktari hapo hapo kabla hajahama kitanda. Nimeshaona mtu anakataa mofini kwa sababu ya tumbo tu, na kwenye faili kaandikwa "amegoma matibabu". Inaudhi sana. Kingine cha kukariri ni dalili za dozi kuzidi: mgonjwa haamki ukimwita, anapumua polepole mno, hapo dozi inayofuata haitolewi mpaka daktari aje, na mwenye figo mbovu mwangalie zaidi kwa sababu dawa inajikusanya mwilini.

Kuna wakati dozi inapanda na maumivu hayashuki. Hapo namkumbuka Cicely Saunders, yule aliyefungua St Christopher's Hospice, kituo cha tiba shufaa kule London, mwaka 1967, alianza kama nesi kabla hajawa daktari, na yeye ndo alisema maumivu yanabeba mwili, moyo, familia na imani kwa pamoja. Ukiwa zamu ya usiku utaelewa haraka, mtu ametulia mchana kutwa, taa zikizimwa anaanza kulia mgongo, ukikaa naye kidogo anakuuliza madeni atayalipa nani.

Kwenye mazungumzo sina mengi, swali ninalolitegemea ni moja: "daktari amekuelezaje mpaka sasa?" afu nanyamaza. Ndugu wakikuvuta pembeni, "sista msimwambie", usibishane nao, waulize wanaogopa nini akijua, kisha muulize mgonjwa mwenyewe angependa kuelezwa kiasi gani (mara nyingi anajua tayari, anawaficha wao). Waandae pia kwa siku za mwisho: hamu ya kula inaondoka, koo linaweza kukoroma kwa mate asiyoweza kumeza, mgeuze ubavu, lowanisha midomo, na waambie hiyo sauti inawatesa wao kuliko yeye.

Wenye wodi za moyo, figo na watoto msidhani tiba shufaa ni ya wodi ya saratani tu au ya mtu aliyekata kauli, inaweza kuanza sambamba na matibabu mengine tangu ugonjwa mzito unapogundulika. Shirika la Afya Duniani linakadiria ni kama asilimia 14 tu ya wanaoihitaji wanaipata.

Kuhusu kozi yenyewe, usiende peke yako. Nendeni wawili wa wodi moja, na kama mkuu wa wodi anaweza kuwa mmoja wenu ndo vizuri zaidi, kwa sababu ukirudi peke yako na mambo mapya utaitwa mjuaji wiki ya kwanza, ya pili umerudi kulekule. Kabla hujalipia uliza kama mtakaa na wagonjwa au ni slaidi na cheti. Kama ni slaidi tu na hospitali yenu ina timu ya tiba shufaa, mi ningeomba nihamishiwe kwao kwa muda, hiyo hela ibaki mfukoni.