Maswali kwa Mafundi: Stata inalia "tak", injini haizunguki

SWALI: Mafundi wetu, habari za kazi. Pikapu yangu ni ya petroli, gia za mkono. Asubuhi nikiwasha ufunguo stata inalia "tak" mara moja, kisha kimya. Nikirudia mara nne au tano inawaka vizuri. Betri nimeweka mpya. Fundi anasema ninunue stata nzima. Ni lazima? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue bado. Stata inayogoma na kukubali, huku betri ni nzima, mara nyingi inaumwa kwenye solenoidi, yaani swichi ya umeme iliyofungwa kwenye stata. Ndani yake kuna vipande viwili vya shaba vinavyopitisha umeme mkubwa. Vikilika, kisahani kinachosukumwa kuviunganisha hakivigusi vyote viwili. "Tak" unaisikia, umeme haupiti.

Hakikisha kwa multimita (kipima umeme), volti 20 za DC, ncha zake zikiwa kwenye vichwa vya betri. Gia iwe huru, breki ya mkono juu, mwenzako awashe ufunguo. Betri iliyotulia isome kama 12.6, na stata ikizungusha isishuke chini ya 9.6. Kwako huenda ikashuka kidogo sana, kwa kuwa umeme mkubwa hautoki kabisa. Ikiporomoka, rudi kwenye betri na vichwa vyake.

Halafu pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi. Ufunguo ukiwa umeshikiliwa, usome zaidi ya 10. Ukisoma 7 au 8, kagua swichi ya ufunguo na relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme). Stata haina kosa. Kipimo hiki kinarukwa sana, na stata nzima zinang'olewa bure. Pima pia kati ya hasi ya betri na bloku ya injini wakati stata inazungusha: isizidi 0.3, la sivyo safisha waya wa hasi.

Sasa kipimo kinachoamua. Ncha moja ya mita iwe kwenye nati ya waya mnene wa betri, nyingine kwenye nati inayoingiza umeme ndani ya mota ya stata. "Tak" ikilia na mita ikabaki kwenye 12, shaba zimelika. Ikishuka karibu na sifuri na mota haijasogea, ugonjwa uko ndani ya mota, hasa brashi, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Kabla ya kufungua, toa waya wa hasi kwenye betri. Waya mnene wa stata kwa kawaida hauna fyuzi. Spana ikigusa bodi italipua cheche kali. Kwenye stata za Denso zenye gia, zilizojaa kwenye Toyota, mfuniko wa solenoidi unashikwa na bolti tatu. Badilisha shaba zote mbili pamoja na kisahani chake, kwani cha zamani chenye mashimo kitazila mpya haraka. Zikaze zikiwa kimo kimoja, maana moja ikiinuka kisahani kitaigusa hiyo peke yake na utarudi kwenye "tak".

SWALI: Stata inavuma kwa kasi lakini injini haisogei. – Msomaji, Kisumu

JIBU: Bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika injini) inateleza, au meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo bendiksi inalizungusha, yamelika. Zungusha injini kidogo kwa spana kwenye puli ya kranki, ujaribu tena. Ikishika, kagua meno. Isiposhika popote, anza na bendiksi.