Dawa ya Kichina ya mawazo: ndani kuna nini hasa?

SWALI: Shikamoo dokta. Shemeji yangu anafanya biashara Guangzhou, juzi kaniletea paketi za miti shamba za kuchemsha, maana anajua nina sonona na vidonge vya hospitali nameza mwaka wa pili huu. Karatasi imeandikwa xiaoyao san. Namuuliza ndani kuna nini ananiambia mizizi tu hiyo kunywa. Sasa kama inatibu kweli, mbona hawajatoa hiyo kemikali wakatengeneza kidonge kama ile ya malaria? Na naweza kuchanganya? – Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba. Hiyo ni dawa ya zamani sana, zaidi ya miaka 900. Kawaida ina vitu nane: mizizi ya chaihu, danggui, baishao na baizhu, uyoga unaoitwa fuling, urukususi (ule mzizi mtamu), tangawizi na nanaa. Wachina wanasema inafungua ini lililokwama, na usicheke, sisi wenyewe mtu akituumiza si tunasema kanikata maini?

Ya malaria nayo ilitoka kwenye miti shamba ya Kichina, ila ilikuwa rahisi kidogo, mmea mmoja na mdudu mmoja wa kuua, na bado iliwasumbua, mpaka mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipoacha kutumia moto mkali akakamua majani kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, ndo kemikali yake, artemisinini, ikatoka nzima, hiyo hiyo iliyozaa dawa mseto unayopewa zahanati. Hapa kwako una sufuria ya vitu nane, kila kimoja kina kemikali kibao, na sonona haina mdudu wa kumtazama kwenye darubini useme huyu kafa.

Kemikali zinazoshukiwa zaidi kwamba ndizo zinazofanya kazi ni saikosaponini za kwenye chaihu na peoniflorini ya baishao. Ila saikosaponini ikifika tumboni bakteria wa utumbo wanaivunjavunja, kwa hiyo kilichopo kwenye sufuria sicho kinachoingia kwenye damu, ndo maana watafiti wanamnywesha panya ule mchemsho halafu wanamtoa damu waipitishe kwenye mashine waone kimebaki nini. Baadaye panya mwingine aliyenyweshwa dawa anatumbukizwa kwenye chombo cha maji, wanahesabu sekunde anazohangaika kabla hajatulia akaelea, akihangaika sana wanasema dawa imefanya kazi. Mimi hicho kipimo hakijawahi kuniingia akilini, panya anayeelea huenda kashajua tu kwamba hazami! Majaribio ya watu yapo lakini mengi ni madogo na ya muda mfupi.

Kuchanganya, hapana, sio kwa kujiamulia. Urukususi ukizidi unapandisha presha na kushusha potasiamu, na danggui haipatani na warfarini, kama unameza hiyo au nyingine ya kuzuia damu kuganda ndo usiiguse kabisa. Vidonge vyako usiviache ghafla, unaweza kupata kizunguzungu na usingizi ukapotea, halafu utadhani ugonjwa umerudi. Paketi ziweke kabatini kwanza, kliniki ijayo nenda nazo pamoja na hiyo karatasi, hata kama ni Kichina kitupu.