Muulize Fundi: Trela la Baba Mkubwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi trela la kulala la miaka ya 1960, lililokuwa la baba mkubwa. Bodi limepakwa rangi kwa brashi tabaka juu ya tabaka, na chasisi imejaa kutu. Nilianza na mlango, nikatumia grainda yenye brashi ya waya. Rangi ilitoka, lakini baada ya mvua moja tu mlango ukatoa vidoa vya kahawia. Jirani anasema nipake kostiki soda nimalize kwa siku moja. Na hii dawa ya kugeuza kutu, inafaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Grainda iweke chini, na soda ya jirani mrudishie kwa adabu.

Tafuta sumaku. Igusishe kwenye mlango, kwenye bodi, kisha kwenye chasisi. Nina hakika bodini haitashika, kwa sababu bodi za matrela mengi ya zama hizo ni alumini, na alumini haina kutu nyekundu. Vile vidoa ni vya brashi yako: vipande vidogo vya waya vimejichomeka kwenye alumini laini, vikanyeshewa, vikapata kutu. Vitoe kwa msasa laini wa maji, taratibu, na waya usiurudishe hapo tena.

Kuhusu kostiki, nina ushahidi wa macho. Nilipokuwa bado najifunza kazi niliimwagia kwenye kifuniko cha alumini cha sanduku la zana, nikaenda kula. Niliporudi kinachemka chenyewe bila moto, na ukingo umebaki mwembamba kama karatasi ya sigara. Ile dawa inaila alumini yenyewe, na mapovu yake ni gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto.

Nunua rimuva, yaani dawa ya kubandua rangi, ya jeli, ambayo kopo lake limeandikwa kuwa inafaa alumini. Ijaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Kwaruza rangi kidogo kwa msasa huku umeilowesha maji, acha ikauke, kisha paka jeli nene, brashi iende upande mmoja tu. Ukirudisharudisha unaivunja nguvu. Funika na nailoni isikauke, uiache muda ulioandikwa kwenye kopo. Ikiiva, rangi inajikunja kama utando juu ya maziwa yaliyochemka; hapo pitisha kikwanguo cha plastiki. Kwenye vichwa vya riveti tumia mswaki mzee. Tabaka nyingi hazitoki kwa mkupuo mmoja, rudia. Halafu osha, osha tena, hasa kwenye maungio ya mabati: rimuva ikijificha humo itachuruzika baadaye na kubandua rangi yako mpya. Kazi hiyo ifanyie nje penye hewa, na glovu zinazohimili kemikali.

Bunduki ya hewa moto sikushauri. Nyuma ya lile bati jembamba kuna fremu ya mbao kavu ya miaka sitini.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza. Rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, hasa ile nyekundu ya chungwa inayopakwa chini kabisa kwenye chuma. Usiipige msasa mkavu wala brashi ya mashine; ibandue kwa rimuva au msasa wa maji. Vaa barakoa ya kuchuja chembe ndogo, si kitambaa. Kusanya maganda yote, nguo za kazi zifue peke yake, na watoto wakae mbali.

Chasisi ni hadithi nyingine, na huko ndiko ningeanzia. Pita na nyundo ndogo ukigongagonga. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu kama debe lenye mchanga. Ukisikia hivyo, sukuma bisibisi. Ikizama, kwanza mtafute mchomeleaji, rangi ingoje. Palipo pazima na ambapo rangi ya zamani imeshatoka, futa grisi yote, kisha ndipo grainda yako ipate kazi. Vaa miwani na ngao ya uso, maana nyaya za ile brashi hukatika na kuruka kama sindano. Safisha kipande unachoweza kukipaka praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, siku hiyohiyo. Chuma kitupu kikilala nje penye unyevu, asubuhi utakikuta cha rangi ya chungwa. Praima ya epoksi inafaa, na kwenye alumini soma kopo kama inashika.

Dawa ya kugeuza kutu inafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshikamana na chuma, hasa ndani ya vishimo ambako brashi haifiki. Juu ya magamba ya kutu unapoteza pesa: yatadondoka pamoja na dawa yake.

Na kabla grainda haijawaka, itafute namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma. Isafishe kwa mkono, uifunike kwa utepe. Ukiifuta, utakuwa na kazi ya kueleza trela ni la nani.