Tortilla zinazopasuka ukizikunja
Dada, umeuliza kwa nini tortilla zako, ile mikate myembamba bapa ya Kimeksiko, zinakauka na kupasuka. Hapa Kisumu nami nilisumbuka hivyo hivyo. Kumbe moto wangu ulikuwa mdogo, zinakaa jikoni hadi zinakauka. Hii si chapati, kikaango hakipakwi mafuta. Mafuta yanaingia kwenye unga: vikombe 2 vya ngano, chumvi kijiko kidogo, mafuta robo kikombe, usugue kwa vidole hadi uwe chengachenga, ndipo maji ya uvuguvugu, ukande na kukata madonge. Madonge yapumzike nusu saa, la sivyo ukisukuma yanajirudi. Kikaango kiwe moto kweli. Zikitoa malengelenge na madoa ya kahawia, sekunde 40 hivi, geuza. Zikitoka tu, zifunike kwa kitambaa, tena zote pamoja. Mvuke wake ndio unaozilainisha.