Maswali ya Wasomaji: Tununue Nyumba Ghorofa ya 14?

SWALI: Mimi na mume wangu tuna watoto wawili wadogo, na mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, anaishi nasi. Tunataka kununua nyumba katika ghorofa ya 14 ya jengo lenye ghorofa 20, lakini jamaa wanatuonya kwamba majengo marefu huishia kuwa makazi ya taabu. Je, tuwasikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, wasikilizeni, kwa kuwa mifano ipo. Mtaa wa Pruitt-Igoe mjini St. Louis, Marekani, ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11 yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950, na kufikia mwaka 1972 yalikwisha kuanza kubomolewa. Lifti zake hazikusimama kila ghorofa, kwa hiyo wengi walimalizia safari kwa ngazi, na kwa kuwa matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji maskini, kila familia iliyohama iliwaachia waliobaki jengo bovu zaidi.

Hata hivyo, urefu peke yake sioni kama ndio wa kulaumiwa. Nchini Singapore, ambako wakazi wapatao 80 kwa kila 100 wanaishi katika nyumba za ghorofa zilizojengwa na serikali, majengo mengi ya zamani yalikuwa na kasoro hiyohiyo ya lifti kuruka ghorofa. Tofauti ni kwamba huko wakazi hulipa ada ya matunzo kila mwezi, na mwaka 2001 ulianzishwa mpango wa kuzirekebisha lifti ili zisimame kila ghorofa. Kwa hiyo, kabla ya kuulizia bei, ulizeni ada hiyo ni kiasi gani, nani anaishika, na wangapi hawailipi.

Maji nayo yana hesabu yake. Kila mita 10 za kupanda hupunguza msukumo wa maji kwa takriban baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo), na ghorofa ya 14 iko juu kwa mita 40 hivi, yaani hupotea baa 4 hivi, hivyo bila pampu mabomba yenu huenda yakawa makavu. Umeme ukikatika, mtategemea jenereta au tangi la juu ya paa. Lipandieni mlione kwa macho.

Kuhusu moto, naomba msione haya kuuliza. Katika jengo la Grenfell Tower, London, watu 72 walifariki kutokana na moto wa Juni 14, 2017, uliopanda kwa kasi kupitia vifuniko vya kuta za nje, na jengo zima lilikuwa na ngazi moja tu. Jueni kuta zimefunikwa kwa nini na ngazi ni ngapi.

Watoto ndio wanaonipa wasiwasi zaidi. Kutoka dirisha la jikoni utamwona mwanao uwanjani akiwa mdogo kama punje, usijue analia au anacheka, na kumfikia kunategemea lifti. Pimeni pia nafasi kati ya nondo za roshani: ikizidi sentimita 10, mtoto anaweza kupenya. Kiti kisikae karibu nazo kamwe.

Rudini huko siku ya kazi, saa moja asubuhi, msimame mbele ya lifti mkihesabu dakika, na mumuulize mkazi yeyote ilipoharibika mara ya mwisho ilichukua siku ngapi kutengenezwa. Kama lifti ni moja tu, kwa ajili ya magoti ya mama tafuteni nyumba katika ghorofa ya kwanza au ya pili.